Nimekwama hatua ya mwisho ya fumbo la maneno, naomba ushauri

Habari zenu wanajamvi. Naomba msaada wa mawazo, si jibu kamili.

Nina fumbo la maneno la miraba 13 kwa 13, lenye dhamira iliyofichwa. Gridi nimeshaijaza yote. Baadhi ya vidokezo vilikuwa na herufi moja ya ziada, na herufi hizo zikipangwa zinasomeka WEKA JUA KATIKATI. Maelekezo yanamalizia kwa kumtaka mtatuzi apake rangi miraba 14, basi. Hayasemi ipi.

Kimshazari nimeziona ZUHURA, DUNIA na MIRIHI. Hizo zina herufi 17, kwa hiyo siyo zinazotakiwa. ZEBAKI na MSHTARII zingeleta 14 kamili, ila ZOHALI nayo ina herufi 6 kama ZEBAKI, kwa hiyo inaweza kushika nafasi yake, na hakuna hata moja kati ya hizo tatu ninayoiona.

Nimejaribu kuandika JUA kwenye miraba mitatu ya katikati, mstari wa saba. Kwa mlalo linakaa vizuri, lakini maneno mawili ya wima yanageuka upuuzi mtupu, na mtunzi makini kama huyu sidhani angekubali hivyo.

Wazoefu, naomba mnisaidie haya: katika mafumbo ya aina hii, herufi tatu huweza kubanwa zote ndani ya mraba mmoja wa katikati? Na sayari iliyofichwa huweza kusomwa kwa kuzunguka kitovu badala ya mstari ulionyooka?