Tupeane uzoefu: balbu za halojeni zilizoko juu silingini, wewe unazifikiaje?

Mleta mada, Njiro
Wakuu habari za jumapili. Naomba tupeane uzoefu kwenye hili maana mi limeshanishinda na mama watoto kaanza kuniangalia kwa jicho la huruma. Nyumba niliyopanga mwenye nyumba kaweka spotilaiti za halojeni, zile ndogo zinazozama ndani ya jipsamu, sebuleni ziko sita na mbili ziko juu ya ngazi za kwenda ghorofani. Za sebuleni hazina neno, stuli inatosha. Kimbembe ni hizo mbili, kutoka ngazi ya katikati mpaka silingi ni kama mita nne, afu ukileta ngazi ya fundi unaisimamisha juu ya ngazi za nyumba, yaani ngazi juu ya ngazi, mguu mmoja umekanyaga mwingine unaning'inia. Jana nikapanga tofali mbili chini ya ule mguu nikapanda hivyo hivyo, dada wa kazi kashikilia chini huku anakemea mapepo kwa sauti, nafika juu balbu yenyewe imezama kama jino la mwisho, hakuna pa kuishika. Nikashuka mikono mitupu. Mwaka huu peke yake zimeungua mara tatu. Nyie wenzangu mnafanyaje?

Mdau wa Sakina
Mkuu tofali hapana, utatuachia mjane. Mi ni fundi umeme, hizi naziona kila wiki. Kabla ya kufikiria kupanda jua kwanza una balbu gani. Iliyoungua mara ya mwisho kama hujaitupa iangalie nyuma: ikiwa na viguu viwili vinene vyenye vichwa hiyo ni GU10, inakula volti 230 moja kwa moja, unaisukuma juu kidogo, unazungusha kinyume cha saa, inashuka. Ikiwa na vijiti vyembamba kama sindano hiyo ni MR16 ya volti 12, juu yake kuna transfoma ya kushusha umeme, na haizungushwi, inavutwa chini moja kwa moja baada ya kutoa kile kiringi cha waya kinachoishika. Nimeshaitwa nyumba nyingi tu mtu kaizungusha MR16 kwa nguvu za kiume mpaka holda imepasuka, sasa badala ya balbu ya elfu chache tunatoboa silingi.

Na uzime kwenye meni swichi, sio swichi ya ukutani tu. Kuna nyumba unakuta aliyefanya wayaringi kapitisha nyutro (waya wa kurudisha umeme) kwenye swichi, taa imezimika lakini laivu (waya unaoleta umeme) iko pale pale inakusubiri. Afu acha ipoe, kioo cha halojeni kikiwaka kinapita nyuzi 250, hiyo sio ya kujaribu na kidole.

Mdau wa Rau, Moshi
Mimi yangu ilikuwa GU10 juu ya baraza, silingi iko juu kwelikweli nyumba ya mzee ya zamani. Nilichofanya: nilikuwa na ile holda ya simu ya kubandika kwenye kioo cha gari, ilishakatika mkono imebaki kikombe cha mpira. Nikakifunga kwenye mpini wa fagio la buibui kwa gundi ya karatasi, mizunguko kama kumi hivi. Unalamba kidogo kile kikombe (usicheke), unakibandika kwenye uso wa balbu, unasukuma, unazungusha, imekuja. Ya kwanza ilinichukua nusu saa, nilipofika ya tatu nikawa bingwa wa mtaa.

Ila kuna kitu nilijifunza kwa maumivu. Kuweka balbu mpya ni rahisi, kukibandua kikombe baada ya kuiweka ndo kazi, ukivuta balbu inashuka nayo. Nikaivunja moja hivyo. Baadae nikafunga uzi wa viatu kwenye ukingo wa kikombe, ukishaweka unavuta uzi, hewa inaingia, kikombe kinaachia chenyewe. Na inakubali kwa balbu zenye uso wa kioo bapa tu, zile za uso wazi kikombe hakinati.

Mdau wa Mianzini
Si unachukua kiazi ulaya unakikata nusu unakichomeka unazungusha? Chalii yangu alinionyesha.

Mdau wa Sakina
Hiyo ni ya balbu za skrubu zilizovunjikia kwenye holda, kaka. Na umeme uwe umezimwa. Ukikichomeka kiazi kwenye halojeni utakula chipsi.

Dada wa Shanty Town
Hahaha chipsi. Mi yangu sio ya kufika, ni ya kushika. Shemeji alituletea taa ya kuning'inia kutoka Ujerumani, ina vibalbu vya G9 kumi na mbili, vidogo kama punje ya karanga, iko juu ya meza ya chakula na meza yenyewe haisogezeki. Masika kumbikumbi wanajaa kwenye vile vikombe vya kioo mpaka mwanga unakuwa wa kahawia, kwahiyo napanda kusafisha hata kama hakuna kilichoungua. Siku hiyo nimetoka jikoni kukaanga maandazi, nikanawa juu juu, nikapanda mezani nikabadilisha vibalbu vinne kwa mkono mtupu. Havikumaliza wiki mbili. Nikasema ni feki, nikanunua vingine, navyo vilevile.

Kuna mzee mmoja fundi akaniuliza swali moja tu, mama ulivishika na nini? Kumbe mafuta ya vidole yanabaki kwenye kioo, kikiwaka pale penye alama panapata moto kuliko kwingine, kioo kinachoka mapema. Tangu hapo nashika na tishu au soksi safi, nikisahau nafuta na spiriti kabla ya kuwasha. Na nilipomwambia shemeji atume vingine kasema huko hata madukani vimeadimika, Umoja wa Ulaya ulianza kuzuia halojeni za kawaida Septemba 2018, hivi vya G9 vikafuata Septemba 2023. Sasa hivi nimeweka vya LED. Ni vinene kidogo, vikombe viwili vimegoma kufunika, nimeviacha wazi, kumbikumbi wafanye wanachotaka.

Mdau wa Kiboriloni
Mmenikumbusha kanisani kwetu. Silingi ya mbao, mteremko mkali, spotilaiti kama ishirini, hakuna ngazi inayofika. Kila zikifika saba nane zilizokufa kamati inakaa kikao, tunakodi mirunda na mbao, vijana wa kwaya wanafunga jukwaa jumamosi, jumapili ibada inaendelea chini ya mirunda kama tuko saiti. Mwaka huo mimi ndo mweka hazina, nikapiga hesabu nikaona gharama ya jukwaa ni mara tatu ya balbu. Nikasema tukishapanda tubadilishe zote, hata zinazowaka.

Meku mmoja alisimama, akauliza mweka hazina, wewe nyumbani kwako unang'oa taa inayowaka? Kimya kanisa zima. Nikamjibu, nyumbani kwangu mzee sihitaji mirunda. Alikaa chini ila hakunisalimia kama miezi miwili. Tukaweka LED zote ishirini siku moja. Zile za zamani zilizokuwa bado zinawaka tukampa yeye, maana alizitaka.

Mdau wa Ngaramtoni
Mleta mada usije ukakimbilia LED bila kuangalia transfoma. Mi nilifanya hivyo, MR16 za wati 50 nikatoa nikaweka LED za wati 5, nikawasha, sebule ikawa disko. Nikarudisha dukani, jamaa akanibadilishia, disko tena. Transfoma nyingi za elektroniki zinataka mzigo wa kuanzia kama wati 20 ndo zitulie, ukiiwekea tano inaona kama hakuna kitu, inawaka inazima. Fundi akatoa transfoma zote, akaangalia waya, akaweka holda za GU10, sasa ni 230 moja kwa moja. Hiyo usiifanye mwenyewe.

Ila faida niliiona. Nilikuwa na taa nane, wati 400, kwa saa tano za jioni ni yuniti mbili kila siku, yaani 60 kwa mwezi. Kwa bei ya shilingi 356 kwa yuniti ni kama elfu ishirini na moja ya LUKU kwa taa za sebule tu! Sasa ni yuniti sita. Na joto limepungua, jipsamu ilikuwa imeanza kuwa njano kuzunguka kila taa, nikadhani ni moshi wa udi wa mama.

Mdau wa Sakina
Uko sahihi. Na hiyo ya kuungua mara tatu kwa mwaka mkuu wa Njiro, pima umeme wako. Halojeni ya kawaida ina kama saa 2000, lakini volti zikizidi hata asilimia tano umri unakaribia kukatika nusu.

Mleta mada, Njiro
Wadau nimerudi. Ni MR16, zina kiringi, kwahiyo fagio la mkuu wa Rau nikalisalimia kwa mbali. Nikaita fundi, kaja na ubao mnene, upande mmoja kaulaza kwenye ngazi ya juu upande wa pili kwenye ngazi ya fundi aliyoifungua chini, akaufunga kwa kamba, akatembea kama yuko barabarani. Akapima, volti 248. Kafika juu kakuta holda moja imekauka inameguka kama biskuti. Kaniangalia akasema, boss, kwanini hizi taa ziko huku juu wakati ukuta upo?

Nikampigia mwenye nyumba, kabisha kidogo, kakubali tukate nusu ya gharama kwenye kodi. Taa sasa zipo ukutani katikati ya ngazi, LED mbili, nafika nikiwa nimesimama na kandambili. Yale matundu juu kayaziba na jipsamu. Mama watoto kaangalia kiraka, kaniuliza rangi yake itafanana lini na silingi nyingine, na nani atapanda kuipaka.