Rekodi ya Pat Summitt imevunjwa, bado ni namba moja?

Mdaka Ribaundi: Wadau wa kikapu, kocha wa wanawake Pat Summitt aliacha kazi Chuo Kikuu cha Tennessee, Marekani, 2012 akiwa na ushindi 1,098 na vikombe 8 vya NCAA, mashindano ya vyuo vya huko. Kocha mwenzake Tara VanDerveer akampita kwa ushindi 2020, na sasa Geno Auriemma wa Chuo Kikuu cha Connecticut (UConn) kawapita wote wawili, tena ana vikombe 12. Mama Summitt bado namba moja, au tunambeba kwa huruma kwa kuwa Alzheimer's, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ulimwondoa 2016 ana miaka 64 tu?

Kaka Takwimu: Hesabu haina huruma, ni Geno. Halafu enzi za mama ushindani ulikuwa wapi? 1974 anakabidhiwa timu ana miaka 22, mshahara dola 250 kwa mwezi, basi dogo anaendesha yeye, jezi anafua yeye. Huyo kocha au dada wa kazi?

Binti Chang'ombe: Dada wa kazi ndiyo tusi siku hizi? Hiyo fulana uliyovaa kakufulia nani?

Kaka Takwimu: Povu la nini dada? Nimetaja jezi tu.

Mzee Benchi: Na hizo jezi zilipatikana kwa hela ya kuuza donati. Vijana hamjui shida. Sisi mtaani seti ilikuwa moja, timu A ikitoka uwanjani timu B mnavaa na jasho lao.

Binti Chang'ombe: Shikamoo mzee. Nani alikuwa anazifua?

Mzee Benchi: Marahaba. Mke wa kocha.

Binti Chang'ombe: Ehee.

Pointi Tatu: Mbona hamtaji dhahabu ya Olimpiki 1984, Los Angeles, akiwa kocha wa Marekani?

Kaka Takwimu: Ile Wasovieti walisusa. Dhahabu ya mezani.

Pointi Tatu: 1976 Montreal walikuwepo, na mama alikuwa uwanjani anacheza mwenyewe, akarudi na fedha. Au nayo ya mezani?

Mzee Benchi: Mnasahau ukali wake. 1990 ana mimba kubwa, karuka mpaka Pennsylvania kumshawishi binti mmoja ajiunge na Tennessee. Uchungu ukaanza. Rubani anataka kutua Virginia, mama kagoma, kwa sababu timu ya Chuo Kikuu cha Virginia walikuwa wamemtoa kwenye mashindano mwaka huohuo! Mtoto akazaliwa Tennessee.

Binti Chang'ombe: Hapo ndipo mnaponichosha. Mwanamke mpaka akaribie kuzaa angani ndiyo mjue ni kocha? Semeni kila mchezaji aliyemaliza miaka yake kwake alipata digrii. Geno wenu hakuanza na basi la kuendesha mwenyewe.

Kaka Takwimu: Kwa hiyo Geno kosa lake ni kuzaliwa mwanamume?

Binti Chang'ombe: Nimesema hivyo wapi? Kabla ya Title IX, sheria ya 1972 ya kukataza ubaguzi wa kijinsia shuleni na vyuoni, timu za wanawake vyuoni Marekani zaidi ya asilimia 90 zilifundishwa na wanawake. Hela zilipoingia, wanaume wakapenda kikapu cha wanawake ghafla. Sasa wanawake hawafiki hata nusu.

Mdaka Ribaundi: Jamani, nimeuliza rekodi.

Kaka Takwimu: Waombe kazi, nani kawazuia? Mbona mama hakuhamia timu ya wanaume kama alikuwa bora hivyo?

Pointi Tatu: Tennessee walimgusia timu yao ya wanaume, akauliza kwa nini kwenda kwa wanaume kuitwe kupanda cheo. Soma kabla ya kuandika, mkuu.

Kaka Takwimu: Aliogopa. Kama alivyoogopa UConn 2007 akakatisha mechi za kila mwaka kati yao na Tennessee.

Binti Chang'ombe: Kaogopa nani? 2007 hiyohiyo kachukua kikombe, 2008 akarudia! Hebu nenda kafue.

Mzee Benchi: Mke wa kocha wetu, kwa kumbukumbu zenu, hakulipwa hata senti.

Binti Chang'ombe: Na wewe mzee ulimlipa?