Unywele, CD au kioo cha masizi: kipi kinafaa darasani?

Mwalimu wa Himbi (Goma)
Wakubwa, salamu. Wanafunzi wangu wa mwaka wa sita sayansi wanazo fomyula za mawimbi ya mwanga kichwani, ila mistari yenyewe ya mwanga na giza hawajaiona. Maabara hakuna. Nina tochi ndogo ya leza nyekundu ya sokoni. Nimewaza unywele, CD ya zamani, au kioo cha masizi kilichokwaruzwa mistari miwili kwa wembe. Nianze na kipi?

Baba Optiki (Bukavu)
Unywele! Ubandike wima mbele ya leza, ukuta uwe mita 4. Utaona madoa mekundu yamejipanga kushoto na kulia. Kwa unywele wa mikroni 80 (mikroni elfu moja ni milimita moja) na leza yenye urefu wa wimbi wa nanomita 650 (mikroni 0.65), kutoka giza moja hadi lingine ni sentimita 3 na kitu. Mwanafunzi anapima kwa rula, anazidisha urefu wa wimbi kwa umbali wa ukuta, anagawa kwa hizo sentimita, anapata unene wa unywele wake. Hapo kelele zinaanza, kila mtu anataka wake upimwe. Hata meshi (nywele za bandia) za saluni zina kipimo chake.

Kijana wa Kamalondo (Lubumbashi)
CD inaonekana hadi dawati la mwisho. Mistari yake imeachana mikroni 1.6, basi ukiipiga leza kwa pembe mraba, doa la kwanza linachepuka digrii 24 hivi. DVD ni mikroni 0.74: linapita digrii 60, na la pili halitokei kabisa. Waulize wenyewe ipi imebanana zaidi. Ila CD inarudisha mwanga kama kioo, macho yasikae usawa wake. Leza za kijani za bei ya chini achana nazo. Nyingine hutoa nguvu kupita iliyoandikwa, pamoja na miale isiyoonekana.

Mwl. Furaha (Bukavu)
Jamani, hayo ni difraksheni, mwanga kupinda na kusambaa ukipita kwenye kitu chembamba. Jaribio la Young, yule mwanasayansi Mwingereza, ni matundu mawili! Bana nyembe mbili pamoja, kwaruza masizi mara moja: mikwaruzo inaachana kwa unene wa wembe, milimita 0.1 hivi. Mkono ukitetemeka, unapaka masizi upya.

Baba Optiki
Mwalimu Furaha, mwaka 1803 Young aliieleza Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, jinsi alivyosimamisha kipande cha kadi, upana inchi 1/30 hivi, ndani ya mwali wa jua uliopenya tundu la dirishani. Mwanga ulipita pande zote mbili. Alipoziba upande mmoja, mistari ndani ya kivuli ikapotea. Kadi hiyo na unywele ni ndugu.

Mwl. Furaha
Hilo la kuziba upande mmoja nalichukua. Kioo changu bado nakitaka.

Mwalimu wa Himbi
Asanteni. Basi unywele kwanza, CD na DVD baadaye. Madirisha yangu hayana pazia, mnafanyaje?

Kijana wa Kamalondo
Bandika karatasi nyeupe kwenye kona yenye kivuli, acha madirisha. Kama mna zamu ya mchana, subiri saa kumi na moja.