MJADALA: Je, serikali ya Nepal ina deni kwa Rabindra Dhant?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Nafuatilia MMA, yaani mapigano mchanganyiko, kwa miaka mingi, na kuna jambo limenikaa rohoni tangu Agosti 2025. Mwezi huo kijana wa Kinepali, Rabindra Dhant, aliingia kwenye kizimba cha mapambano nchini India, katika mashindano ya Matrix Fight Night, na kutoka na mkanda wa ubingwa wa uzito wa bantam, kilo 61 na ushee. Aliyempiga ni Chungreng Koren wa Manipur, jimbo la India, mtu ambaye si wa kubezwa hata kidogo.

Kwa wasioujua mchezo huu: hapa unapiga ngumi, unapiga teke, unamwangusha mwenzako, unamkaba akiwa chini. Pambano la mkanda ni raundi 5 za dakika 5. Matrix Fight Night yenyewe ni ya familia ya mwigizaji wa India Tiger Shroff, na ilianza mwaka 2019. Maana yake Dhant alibeba bendera ya Nepal kwenye jukwaa la mtu binafsi, tena la nchi jirani.

Anatoka Bajhang, wilaya ya milimani magharibi ya mbali ya Nepal. Huko vijana kuvuka kwenda India kutafuta kibarua ni jambo la vizazi. Mpaka uko wazi kwa mkataba wa 1950, huhitaji viza. Sasa mtazame na Koren. Machi 2024, akiwa ametoka kushinda pambano, Koren alishika maikrofoni huku analia, akamwomba Waziri Mkuu wa India, Modi, aende Manipur, ambako watu walikuwa wanauana tangu Mei 2023. Kwa hiyo siku ile ya mkanda walikutana vijana wawili kutoka pembe ambazo wakubwa hufika kwa nadra. Nikiwatazama nilishindwa kabisa kushangilia upande mmoja.

Swali langu: serikali ya Nepal ina deni kwa mtu kama huyu au haina?

Mimi nasema inalo, ila naomba tuelewane ni deni gani. Sisemi apewe kitita. Nepal mwanamichezo akirudi na ushindi huvishwa mashada ya maua na skafu ya khada shingoni, viongozi wakapiga naye picha. Sisi Tanzania tunalijua hilo kwa namna yetu: goli la Mama, zawadi ya Rais Samia iliyoanza na shilingi milioni 5 kwa kila bao, na ngumi nazo zikapata fungu lake. Sikatai zawadi. Lakini zawadi humkuta mtu akiwa ameshafika, wakati miaka ya kufika alikuwa anajigharamia mwenyewe.

Nepal mwanamichezo wa michezo inayotambulika ana pa kuegemea: jeshi, polisi na polisi wenye silaha wana klabu zao, zinaajiri na kulipa mshahara. Ndipo zinapotoka medali nyingi za karate, taekwondo na riadha, zikiwemo dhahabu 51 za Michezo ya Asia Kusini ya 2019. Anayepigania mkanda kwa promota binafsi yuko nje ya ua huo. Deni ninalolisema mimi ni leseni, daktari, bima na mkeka wa mazoezi wilayani, kabla ya ushindi. Karibuni.

Bondia wa Zamani, Tanga

Mleta mada nakuheshimu, ila hapa sikubaliani nawe.

Nimepanda ulingoni mapambano 20 na kitu. Leo nikiinama kufunga kamba za viatu dunia inazunguka, nashika ukuta. Pambano langu la mwisho daktari hakuwepo. Promota alituambia yuko njiani. Nilipigwa raundi ya tatu, nikamaliza ya sita, na raundi mbili za katikati sizikumbuki mpaka leo. Nimesimuliwa tu na mtu wa kona yangu.

Mchezo huu wa kizimba unaongeza kupunguza uzito kwa kukausha maji mwilini. Desemba 2015 kijana wa Kichina, Yang Jian Bing, alifariki Manila kabla hata ya kupigana. Alikuwa na miaka 21. Mwili ulikauka. Ndipo ONE Championship, kampuni iliyoandaa mapambano hayo, wakabadilisha kanuni zao na kuanza kupima maji mwilini.

Sasa unataka fedha ya umma impeleke mtoto wa mkulima kwenye hilo? Nchi ambayo karibu robo ya pato lake inatumwa na watu walio ughaibuni ina hospitali za kujenga. Anayetaka kupigana na apigane, ni mtu mzima. Promota anayekula mlangoni ndiye alipe daktari na bima. Nendeni mkamdai yeye, serikali iacheni.

Msomaji, Nairobi

Mzee wetu wa Tanga, pole sana kwa hayo. Lakini huyo promota atalipa akilazimishwa na nani? UFC yenyewe, kampuni tajiri kuliko zote kwenye mchezo huu, ilipelekwa kortini na wapiganaji wake, na mwaka 2025 jaji akaidhinisha fidia ya dola milioni 375. Hiyo ni Marekani, penye mawakili na korti ya kusikiliza. Mpiganaji kutoka mlimani atamshtaki nani?

Kaka wa Doha

Jamani, mimi ni Mkenya, nafanya ulinzi hapa Doha. Chumba chetu tuko sita, watatu ni Wanepali. Kitanda cha chini yangu analala mmoja wa kule kule magharibi ya mbali. Ananiita dai, kwao ni kaka mkubwa.

Siku ya pambano la Dhant alikuwa ametoka zamu ndefu, saa kumi na mbili nzima kazini. Hakuvua hata buti. Aliegemeza simu kwenye mkebe wa dengu, chaji asilimia 9, waya haufiki kitandani, basi akachuchumaa sakafuni karibu na soketi. Watu walikuja kutoka vyumba vingine mpaka mlango ukashindwa kufungwa. Dhant alipoinuliwa mkono, jamaa yangu hakupiga kelele. Alishika mdomo kwa viganja viwili akabaki hivyo kwa muda, kisha akampigia mama yake.

Naandika hili kwa sababu Bondia anasema anayetaka apigane, ni mtu mzima. Sisi pia tuliambiwa ni watu wazima tulipoweka sahihi mikataba. Anayeondoka kwao kwa sababu hakuna kitu amechagua, ndiyo, lakini alichagua kati ya nini na nini? Ngannou wa Kamerun alikuwa mchimba mchanga kabla ya kuvuka Moroko kwenda Ulaya, akaja kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu mwaka 2021. Tunampenda kwa hilo. Njiani wamebaki wangapi tusiowajua majina?

Mleta mada

Asante Doha. Nimesoma maneno yako mara mbili.

Bondia, kaka yangu, hayo ya raundi ya tatu hadi ya sita ndiyo hoja yangu, ila wewe umeyasema kwa mwili wako. Aprili 2016 Dublin, mpiganaji wa Kireno João Carvalho alifariki baada ya pambano. Wakati huo Ireland MMA haikuwa na chombo cha kitaifa kilichotambuliwa na serikali. Serikali ilijiweka mbali, kama unavyopendekeza, na mapambano yaliendelea kama kawaida. Serikali ikikaa pembeni watu wanaendelea kupigana, tofauti ni kwamba hakuna anayekagua kama daktari kafika.

Halafu kuna jambo jipya. Michezo ya Asia ya 2026, Aichi na Nagoya nchini Japani, imeingiza MMA kwa mara ya kwanza kama mchezo wa medali. Kwa hiyo ule utetezi kwamba ni biashara ya watu binafsi umepungua nguvu. Ukitaka medali ya nchi, lea mpiganaji wa nchi.

Pale nilipokosea nakiri: niliandika "mkeka wilayani" bila kutaja umri. Mtoto asipigwe kichwani. Hapo niko na Bondia kwa asilimia mia, na ningetaka liwe sharti la kwanza kabla fedha ya umma haijatoka.

Bondia wa Zamani, Tanga

Ukiweka sharti hilo tunaweza kuongea. Fedha ya mafunzo bado sijaikubali. Ya daktari nakubali, mkaguzi awe wa serikali, na pambano lisianze mpaka asaini yeye.

Kaka wa Doha

Jamaa yangu ameamka, nimemsomea mnachoandika kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Anauliza: mpwa wake ana miaka 14, tangu Agosti anataka glavu, naye mshahara unaingia Alhamisi. Anunue zipi?

Bondia wa Zamani, Tanga

Mwambie glavu zisubiri. Anunue kinga ya meno, na viatu vya mieleka kama pesa inatosha. Mwaka mzima ajifunze kuangusha na kuanguka tu. Akifika 16 anitafute, nitamwambia la kufuata.