Wauza vipuri vya saa za kuzamia, acheni kuchora "200m" kwenye kasha ambalo hamjalipima!

Wakuu, salamu kwenu. Nimekasirika na sitaficha.

Nilikuwa nakusanya vipuri niunge saa ya mtindo wa Seiko 62MAS, ile ya 1965, saa ya kwanza ya kuzamia kutoka Seiko, iliyotajwa kuhimili mita 150. Ya asili kwa bei za sasa wengi wetu hatuigusi, ndiyo maana tunaunga. Uso wa kijivu, alama za mstatili, mishale minene, kifungo cha kutilia ufunguo kikae sawasawa na alama ya 3. Ndani nilipanga NH35, mashine ya kujitia ufunguo kutoka kundi la Seiko, kwa sababu inapatikana, bei yake inavumilika, na fundi aliyezoea Seiko haimpi shida.

Duka nililonunua vipuri ni la mtandaoni, la nje. Sitalitaja, maana mchezo huu si wa duka moja.

Tuanze na kasha, kwa kuwa ndilo lililoniudhi kuliko vyote. Mfuniko wa nyuma umechorwa "200m", na tangazo linasema hivyo hivyo. Kabla sijaingiza mashine nikalipeleka tupu, likiwa limefungwa kioo, kifungo na mfuniko, kwa fundi mwenye kifaa cha kupima presha kwa hewa. Kile kifaa huangalia kasha linavyobonyea presha ikipanda; likibonyea kisha likaanza kurudi, ujue hewa imeshapenya. Mita 200 za maji ni kama bar 20 (bar ni kipimo cha presha). Hili halikufika hata bar 5. Fundi akalifungua mbele yangu: oringi ya mfuniko, yaani ule mpira wa duara unaozuia maji, ni nyembamba kuliko mfereji wake, haibanwi na chochote. Kijibomba kinachopitisha kijiti cha kifungo kinacheza. Kinacheza kwa kucha! Na upande wa kifungo ndiko maji yanakopenda kuingilia.

Nikawatumia wauzaji picha na majibu ya kipimo. Wakajibu kwamba hiyo namba ni sehemu ya mtindo wa zamani, na kwamba kwa kuwa saa naiunga mwenyewe, dhamana haipo. Nikitaka pesa yangu nirudishe mzigo kwa gharama zangu. Nauli ya kurudisha inakaribia bei ya kasha!

Namba ya kina cha maji haiwezi kuwa mtindo. Ni ahadi. Kumuuzia mtu kasha la namna hii ni kumuuzia jaketi la kuokolea lisiloelea. Kiwango cha kimataifa cha saa za wazamiaji, ISO 6425, kinataka saa ihimili mita 100 au zaidi, na ipimwe kwa presha inayozidi ile iliyoandikwa kwa asilimia 25. Yaani ya mita 200 ipimwe kwa mita 250. Tena inapimwa saa iliyokamilika, moja moja, si sampuli. Kasha tupu kiwandani halina haki ya kubeba namba hiyo, maana anayebadilisha kioo, oringi au kifungo amebadilisha kila kitu. Muuzaji anayejiheshimu aandike unene wa oringi, aina ya kifungo na presha aliyopimia. Basi.

Uso nao. Tangazo: "unaingia NH35". Ni kweli unaingia, ila miguu yake miwili, vile vijipini vya nyuma vinavyoushika kwenye mashine, imewekwa kwa ajili ya makasha ya aina ya SKX007, saa nyingine ya kuzamia ya Seiko, ambayo kifungo chake kiko karibu na alama ya 4. Kwenye kasha langu uso unapinda kiasi cha nyuzi 24, yaani alama ya 12 haitazami juu. Watengenezaji wanaojali huweka miguu minne, ukakata miwili usiyoihitaji. Hawa wakanishauri nikate yote na kubandika uso kwa gundi ya karatasi. Kwenye saa ya kuvaa majini, gundi!

Mshale wa sekunde una tundu la milimita 0.25, ambalo ni la ETA 2824, mashine ya Uswisi. NH35 inataka 0.20. Ukiulazimisha unakaa kwa muda, halafu mtikisiko mmoja unaudondosha juu ya mashine. Na ile rangi ya kung'aa gizani, waliyoitangaza kuwa na sura ya rediamu iliyozeeka (rangi ya kung'aa ya saa za zamani), inazimika dakika chache baada ya taa kuzimwa. Mzamiaji anatakiwa asome saa yake gizani ikiwa sentimita 25 kutoka machoni. Hii yangu hata chumbani siioni.

Najua kuna atakayekuja na "siku hizi wanazamia na kompyuta". Sawa, lakini hizo kompyuta za kuzamia za mkononi huzimika, na mzamiaji makini anabaki na saa yenye pete ya kuhesabia dakika. Tuna vijana wanaoshusha wageni Mafia na Mnemba kila msimu. Mmoja wao akinunua saa ya kuungwa kwa kuamini maandishi ya mfuniko, chumvi itaimaliza mashine, au saa isimame akiwa chini anahesabu dakika zake. Kwa hiyo na ninyi mnaounga saa hapa nyumbani na kuziuza kwenye magrupu: kama hujaipima, mwambie mnunuzi hivyo waziwazi, au tafuta mfuniko usio na namba.

Pesa yangu naendelea kuidai kupitia kampuni ya malipo, ushahidi wote ninao.

Ninachoomba kwenu: aliye na kasha la mtindo huu ambalo limepimwa kweli likafika bar 20, aweke hapa picha ya kipimo, unene wa oringi zake, na aseme kama kifungo ni cha kuskrubu au cha kusukuma. Na aliyepata uso wa miguu minne wenye alama za 62MAS, tafadhali aniambie kaupata wapi.