Tabora baada ya karakana: SGR (reli mpya ya umeme) itaturudishia sauti, au itapita tu?

Mwana Isevya (mwanzisha mada)

Wakuu, mwangaluka. Hapa Tabora mgombea akikosa la kusema anaahidi kiwanda. Leo cha asali, kesho cha tumbaku, keshokutwa kile cha nyuzi kufufuliwa. Tunapiga makofi, tunarudi nyumbani. Mimi naomba tubishane juu ya jambo lingine: ukiacha mshahara, karakana ya reli na kiwanda vilitupa nini?

Nasema vilitupa mtu wa kumdai. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli Tanganyika nzima waligoma zaidi ya miezi miwili, chama chao TRAU kikiongozwa na Kasanga Tumbo. Mgomo wa namna ile uliwezekana kwa sababu dereva, fundi wa karakana, karani wa stesheni na watu wa gengi la kutengeneza njia ya reli walikuwa na mwajiri mmoja, siku moja ya mshahara, na wengi wao kota za kupakana ukuta. Treni ikisimama, mkoloni anajua imesimama.

Sasa mchukue kijana wa hapa Tabora, mtaa wa Ng'ambo, mwenye bodaboda ya mkataba. Mwenye pikipiki ni mwalimu au nesi aliyekopa benki. Bei kikomo ya mafuta inatangazwa na EWURA, mamlaka ya nishati na maji, kila mwezi. Faini ni ya trafiki. Huyu kijana agome dhidi ya nani? Akiipaki pikipiki siku tatu anayelala njaa ni yeye. Wapo wengi kuliko wafanyakazi wa reli wa enzi zile, ila hawana wa kukaa naye mezani. Ndiyo maana siasa inawafikia kwa lita mbili za mafuta na reflekta yenye picha ya mgombea.

Na SGR msiitarajie kwa hili. Treni ya umeme haihitaji jeshi la watu wa kuchochea moto, kujaza maji na kuziba boila. Itatuletea abiria na mizigo, sawa. Tabaka la wafanyakazi halitashuka nayo stesheni.

Gengi Malolo

Kijana wangu, umeandika vizuri lakini umeruka ukurasa. Sauti ya wafanyakazi haikufa karakana ilipopoa. Ilikufa mwaka 1964 karakana ikiwa moto. Baada ya maasi ya askari Januari ile, viongozi wa vyama vya wafanyakazi waliwekwa ndani, shirikisho lao likavunjwa, kikaundwa chama kimoja, NUTA, chini ya serikali. Huyo Tumbo unayemtaja alipelekwa ubalozi London, akajiuzulu, akarudi kuanzisha chama cha upinzani, mwisho akaishia kizuizini. Sisi tulioajiriwa reli baadaye tulikuta chama cha wafanyakazi ambacho kazi yake ni kutusomea tamko.

Kwa hiyo usiseme uchumi ndio ulitunyamazisha. Tulinyamazishwa kwanza, ndipo uchumi ukaja kutupunguza kazini. Mwaka 2007 reli ilipokodishwa kwa kampuni ya RITES ya India kwa mkataba wa miaka 25, mkataba ambao haukufika hata mitano, hatukuwa na chama chenye meno cha kuuliza masharti mapema.

Mwana Isevya

Shikamoo mzee. 1964 naikubali yote. Ila Mwongozo wa TANU, tamko la chama tawala dhidi ya viongozi wenye kiburi, ulipotoka mwaka 1971 wafanyakazi wa viwanda vya Dar waliufanya silaha, wakawafungia mameneja nje ya geti, na mwaka 1973 wale wa Mount Carmel wakakitwaa wenyewe kiwanda chao cha bidhaa za mpira. Chama chao rasmi kilikuwa mfukoni mwa serikali na bado waliweza, kwa sababu geti lilikuwepo. Bodaboda atamfungia nani geti?

Gengi Malolo

Marahaba. Na waliokitwaa kiwanda wakaishia wapi? Malizia habari.

Bani Urambo

Nawasoma nacheka. Mnatafuta mtu wa kumdai? Njooni kwenye tumbaku.

Urambo ililetwa kwenye kilimo cha mashamba makubwa na mradi wa karanga wa Waingereza baada ya vita. Karanga zikawashinda, tumbaku ikabaki. Hadi leo wanunuzi wetu ni wa kuhesabu kwa vidole. Tuna chama cha msingi, tuna chama kikuu, bei inajadiliwa kabla ya msimu. Kwa nadharia yako, Mwana Isevya, mkulima wa tumbaku angekuwa mtu mwenye sauti kuliko wote mkoa huu. Ana mnunuzi anayejulikana, ana siku ya soko, ana jirani mwenye shida ileile.

Kinachotokea ni hiki. Mbolea tunakopeshwa kupitia chama, na deni ni la wote. Jirani yangu akitorosha tumbaku akauza kwa mlanguzi, deni lake linakatwa kwenye malipo yangu. Mteuzi anashika jani, anasema daraja fulani, umelala bani, banda la kukaushia, wiki nzima ukichochea moto lakini neno lake ndilo bei. Ubishe, mtumba wako wa tumbaku unarudi nyumbani. Tumbaku inapakiwa, inakwenda kusindikwa Morogoro, na huko ndiko kwenye zamu, sare na vitambulisho vya kazi. Sisi tumebakiwa na visiki vya miti tuliyoikata kwa kuni za kukaushia.

Umoja wetu wa deni unatufanya tuchungane wenyewe kwa wenyewe, na mnunuzi anapata walinzi wa bure. Siasa? Mwaka 2015 Kaliua walimweka Magdalena Sakaya wa CUF, wakamwangusha Profesa Kapuya wa CCM. Wengine watasema ni mambo ya chama na mgombea. Mimi nilikuwa huku, nilisikia watu wanazungumzia makato kuliko walivyozungumzia katiba.

Mha wa Mwanga

Na sisi Kigoma tunawekwa kundi gani? Kiwanda kikubwa hatukuwahi kuwa nacho. Mkoloni alitufanya ghala la watu: babu zetu walipandishwa treni kama manamba kwenda kukata mkonge Tanga. Ukitoa chumvi ya Uvinza, bandari na stesheni, huku ni dagaa, mawese na biashara ya kuvuka ziwa. Hata hivyo upinzani Kigoma haukungoja karakana. Zitto Kabwe alichukua Kigoma Mjini mwaka 2015 kwa tiketi ya ACT-Wazalendo, chama kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja. Mtu aliyeachwa pembeni muda mrefu naye ana siasa, tena kali. Kwa hiyo geti siyo lazima.

Halafu SGR ya Tabora hadi Kigoma ni kilomita 506. Mnaijadili kana kwamba inaishia kwenu.

Mkazi wa Ughaibuni

Nitachangia kidogo. Nipo Uingereza, na hapa stori ni ileile kwa ukubwa mwingine. Wachimba makaa waligoma mwaka mzima 1984 hadi 1985, wakashindwa, migodi ikafungwa mmoja mmoja hadi ule wa mwisho wa kina kirefu, Kellingley, Desemba 2015. Miezi sita baadaye ikaja kura ya kujitoa Ulaya, na miji mingi ya migodi na viwanda vya zamani ikapiga kura ya kutoka. Hasira ilikuwepo, chama cha kuibeba hakikuwepo, akaibeba aliyepita njiani. Karibu na kwetu mtazameni Michael Sata. Migodi ya shaba Zambia ilibinafsishwa mwishoni mwa miaka ya 1990, yeye akawaendea watu wa Copperbelt, mkoa wa migodi hiyo, na wachuuzi wa Lusaka kwa lugha moja, na mwaka 2011 akaingia ikulu.

Na tusisahau, Tabora imeshapitia mageuzi haya kabla ya karakana. Mtemi Mirambo alipigana na Waarabu wa Unyanyembe miaka ya 1870 kwa sababu mwenye njia ya misafara ndiye mwenye hongo (ushuru wa kupita) na bunduki. Reli ilipofika mwaka 1912 mpagazi akakosa mzigo. Hakuna mgombea anayeahidi kufufua upagazi.

Mama Ntilie wa Kachoma

Kaka zangu, mnamlilia mwanaume wa king'ora cha kiwanda. Mama yangu aliuza uji nje ya geti la kiwanda miaka yote hiyo ya raha mnayoisimulia. Mshahara ulikuwa wa baba, kota ilikuwa ya baba, baba akifa kota inarudi kwa mwajiri na sisi tunatolewa vyombo nje. Leo nina genge langu, nina kikoba, laini ya simu ni yangu. Msiniambie zamani kulikuwa na sauti bila kutaja ya nani.

Na kusema wachuuzi hatuna nguvu si kweli. Desemba 2018 Rais Magufuli alitoa vitambulisho vya 20,000 kwa machinga kwa sababu tupo wengi na tunapiga kura. Ila kilichotolewa kwa hisani kinaondolewa kwa hisani: mwaka 2021 wenzetu miji mingi wakavunjiwa vibanda. Hapo ndipo nakubaliana kidogo na Mwana Isevya. Kitambulisho hakikuwa mkataba.

Mwana Isevya

Dada, hiyo ya kota inauma na ni kweli. Kwa hiyo swali langu nalipunguza: bila mwajiri mmoja, mkataba anaandikiana nani na nani?

Boda wa Stendi Mpya

Mimi ndiye huyo kijana mnayemjadili kama mgonjwa. Mkataba ninao, upo kwenye karatasi ya daftari na nakala anayo bosi peke yake. Hesabu ni 10,000 kila siku, mvua au jua, Jumapili nayo anaitaka. Nikiumia siku zinasogea mbele, hazifutwi. Kijiwe chetu kina katibu, tunachanga, mtu akivunjika mguu tunamchangia. Lakini kikao cha kijiwe hakijawahi kuita mabosi. Kila mtu anamwogopa wake kivyake. Mafuta ya kampeni tunachukua, tusidanganyane, tunakwenda kwa wote.

Mwalimu Kazi

Basi na mimi nijitokeze. Ni mwalimu, pikipiki mbili, mkopo wa benki unakatwa kwenye mshahara kabla sijauona. Hiyo 10,000 si utajiri, ni rejesho na ada ya mtoto. Chama chetu cha walimu kinadai nyongeza kila mwaka, kwa hiyo mimi nipo pande zote mbili za huo mjadala wenu.

Boda wa Stendi Mpya

Mwalimu shikamoo. Nyongeza ikipatikana, hesabu ya Jumapili itaondoka?

Mwalimu Kazi

Marahaba. Mkopo unaisha mwakani. Tuongee hapo.

Boda wa Stendi Mpya

Mwakani mkataba wangu nao unaisha, pikipiki inakuwa yangu. Tuongee sasa hivi, na uje na wenzako.