Wauza waya wa fensi mnatubandikia geji 12 kwenye geji 16, mbuzi wangu wawili wameuawa

Wakuu, nimekasirika na sitaficha. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa bei za vifaa vya ujenzi, hili ni suala lingine.

Nafuga mbuzi wa maziwa 11, machotara wa Toggenburg, kwenye ekari moja huku Bagamoyo. Mwaka jana mwezi wa tatu tulivunja vikoba, nikaamua hela yote iende kwenye fensi ya wavu ili niachane na ugomvi wa mihogo ya majirani. Nikaenda duka moja la vifaa Dar, nikamwambia muuzaji bila kuzunguka: nataka wavu wa waya wa unene wa geji 12, marola ya mita 30, ni ya mbuzi. Akanijibu, "Mzee, hii ndiyo geji 12 yenyewe, hata ng'ombe hapenyi." Karatasi kwenye rola nayo imeandikwa hivyohivyo. Ekari ya hatua 70 kwa 70 mzunguko wake ni kama mita 255, nikabeba marola tisa.

Marola yakaisha, pengo la mita 21 likabaki wazi! Nguzo zangu ziko kila baada ya mita tatu, nikahesabu upya na fundi: kila rola lilikuwa na mita 26. Nimelipia 30.

Hela imekata, pengo nikaliziba kwa mistari mitano ya seng'enge. Wafugaji wa mbuzi mnajua kilichofuata. Ng'ombe akichomwa na miba anarudi nyuma. Mbuzi ameshapenyeza kichwa, akichomwa anasukuma kwenda mbele. Jike langu bora likachana kiwele, bwana mifugo akashona, lakini chuchu moja haitoi maziwa tena hadi leo.

Novemba, usiku wa mvua, mbwa koko wakaingia. Hawakupitia kwenye seng'enge, walipitia kwenye wavu wenyewe. Waya ulikuwa umeshaota kutu kwenye mikunjo, wameusukuma ukakatika kama uzi. Asubuhi nimekuta mbuzi wawili wamelala, mmoja ana mimba.

Nikakata kipande nikakipeleka karakana kwa fundi mashine, akakibana kwenye vernia, kile kifaa cha kupimia unene: milimita 1.6. Hiyo ni geji 16! Geji 12 inakaribia milimita 2.6. Aliyewahi kununua mabati anaelewa, namba ikipanda chuma kinakuwa chembamba. Na tofauti ya milimita moja msiione ndogo, maana chuma kilichomo kwenye waya wa 1.6 hakifiki hata nusu ya kile cha 2.6. Nimelipia waya mzima nikapewa chini ya nusu, tena kwenye rola lililopunjwa mita nne.

Nimerudi dukani na kipande changu na risiti. Jibu: "Sisi tunauza kama tulivyoletewa." Kwa hiyo kubandika namba ya uongo ni kosa la nani? La mbuzi?

Kutu nayo ina maelezo yake. Huku pwani upepo una chumvi, waya unaotakiwa ni ule uliochovywa kwenye zinki ya moto, ambao mara nyingi rangi yake ni kijivu kilichofifia. Wangu ulikuwa unang'aa kama sufuria mpya na mimi nikaupenda kwa kung'aa huko. Ni zinki kiduchu ya kupakwa juujuu. Muuzaji alijua napeleka Bagamoyo, hakusema neno.

Jumatatu naenda Wakala wa Vipimo kwa habari ya mita, halafu TBS, Shirika la Viwango, kwa habari ya unene. Risiti ninayo, karatasi ya rola ninayo, kipande kipo.

Mnaotaka kununua wiki hii, msikubali kutajiwa geji. Ulizeni milimita, nendeni na vernia ya kuazima, na rola lipandishwe kwenye mizani. Kama matundu na urefu ni sawa, la geji 16 litakuwa jepesi kwa zaidi ya nusu, hakuna karatasi inayoweza kuficha hilo. Kisha mlikunjue hapohapo dukani mpime kwa futi. Akikataa, ondokeni.

Wenye marola ghalani, naomba mpime leo muweke hapa: yameandikwa geji ngapi, vernia imesoma ngapi, mita zimetoka ngapi. Nataka nikienda Jumatatu nisiwe peke yangu.